Mwethya wa Elgaras

Wiki jana mlinipigia simu mkanilaumu. Msomaji mmoja wa Kibwezi aliniambia nina roho mbaya, kwamba nimemwacha mwanamke wa watu amesimama mbele ya hema la wageni na timazi la mumewe mkononi, kile kipimo cha fundi cha kunyooshea ukuta, halafu nikaenda zangu kunywa chai. Ni kweli nilikunywa chai. Sasa turudi Kabati.

Wewe uliyeanza leo usiwe na wasiwasi, hujachelewa sana. Syokau ni mwenyekiti wa kina mama waliojenga bwawa la mchanga, yaani ukuta wa mawe unaozuia mchanga ili maji yabaki ndani yake, kwenye mto mkavu nje kidogo ya Kabati. Walilijenga kwa mikono yao, kabla shirika lolote halijajua kijiji chao kinaitwaje. Mumewe, Muthama, ni fundi wa mawe. Shirika moja la kigeni, Mkono wa Tumaini, lilimchukua likampeleka Somalia, kijiji cha Elgaras, akajenge bwawa kama la kwao. Walimwambia anakwenda kuisimamisha tena nchi iliyovunjwa na vita. Maneno makubwa hayo kwa fundi mwenye mwiko mmoja, lakini alienda.

Kisha shirika likamletea Syokau habari kwamba magaidi wamemteka mumewe.

Leo wafadhili wenyewe wametoka ng'ambo kuja kuliona bwawa la Kabati, maana ndilo mfano wa yale yatakayojengwa Somalia. Mahema yamepigwa, sufuria ziko motoni, kina mama wamevaa leso za sare. Na katikati ya salamu, mgeni mmoja mrefu wa suti ya kijivu alimshika Syokau mkono, na alipouachia, ndani ya kiganja palibaki timazi la Muthama, na uzi wake ule wa sufu nyekundu ambao Syokau mwenyewe aliufunga.

"Mumeo yu hai," yule mgeni alinong'ona. "Na hakutekwa na mtu."

Hapo ndipo nilipowaacha. Haya.

Syokau hakupiga kelele. Alilitia timazi ndani ya leso, akamfuata yule mgeni nyuma ya hema la wapishi, mahali ambapo moshi uliwaficha.

"Wewe ni nani?"

"Naitwa Idris. Nafanya kazi na serikali ya kule, wilaya ya Elgaras. Lakini nimelelewa Mwingi, mwaitu. Babangu alikimbia vita akaja kuuza mbuzi pale sokoni. Kikamba nakisikia."

Aliposema mwaitu, yaani mama, kwa ile sauti ya watu wa Mwingi, Syokau alishusha mikono aliyokuwa ameifumbata kifuani. Alikuwa amejiandaa kwa mgeni, si kwa mtu wa kwao.

"Mume wangu yuko wapi?"

"Yuko Elgaras. Hajawahi kutoka Elgaras. Wazee wa kijiji ndio wamemfungia."

"Wazee? Si magaidi?"

"Wazee, mwaitu. Watu aliokuwa anawajengea."

Syokau alimtazama kama mtu anayetafuta mahali pa kumpiga. "Amewafanyia nini?"

Idris alisita. Alitazama huku na huku, akasema, "Aliita mwethya."

Msomaji wangu wa mbali, mwethya ni kitu chetu. Ukiwa na kazi kubwa kuliko nguvu zako, unawaita majirani. Wanakuja na majembe yao, wewe unapika, mnafanya kazi mkiimba mpaka iishe. Hakuna anayeajiriwa. Kesho ni zamu ya mwingine, na wewe unaenda kwake. Bwawa la Kabati lilijengwa hivyo, jiwe kwa jiwe.

"Alifika kule, simiti ikafika," Idris alisema. "Chakula cha wafanyakazi kilikuwa bado. Wafadhili walikuwa wametuma magunia ya mahindi, maharagwe na mafuta, kila atakayefanya kazi ale na abebe nyumbani. Muthama akangoja. Mvua haingoji. Basi akawaita wazee, akawaambia, kwetu sisi hatukai tukingojea magunia, kwetu tunaita mwethya. Wakamuuliza ni nini hicho, akawaeleza. Wakacheka. Halafu wakaja."

"Wakaja?"

"Wote. Hata koo mbili ambazo zimepigana tangu mimi sijazaliwa. Siku ya kwanza hawa walisimama upande huu wa mto, wale upande ule. Baadaye wakachanganyika. Niliona kwa macho yangu, mwaitu. Mimi ni mtu wa serikali, nimekaa kwenye mikutano ya amani mpaka nimechoka, hoteli kwa hoteli, na sijawahi kuona hawa watu wakipokezana jiwe."

Syokau alijikuta anatabasamu, na kutabasamu huko kulimuuma. "Na chakula?"

"Alipika mwenyewe. Posho yake ilikuwa mahindi. Akawatwangia kile chakula chenu."

"Muthokoi."

"Muthokoi. Hawakukipenda, lakini walikula. Na akapiga simu ofisini kwa furaha, akawaambia, hawa watu hawadai kitu, leteni simiti tu."

Ndiyo hiyo simu, wasomaji wangu. Simu ya mtu mwema. Mngejua imetuletea nini.

"Ukuta ukafika nusu," Idris aliendelea. "Siku moja akaja mgeni kutoka ng'ambo kukagua. Akamuuliza mama mmoja pale mtoni, chakula cha kazi kiliwatosha? Yule mama akasema, chakula gani? Mgeni akasema, chakula chenu, kimekwisha kuliwa, ripoti ninayo. Wazee wakasimama. Kazi ikasimama. Wakamzunguka Muthama."

"Hakula yeye!"

"Najua. Lakini waza kama wao. Chakula chako kimekuja kwa jina lako, hakijakufikia. Na kuna mtu amekaa nawe kila siku anakuambia fanya kazi bure, ni vizuri, kwetu ndivyo tunavyofanya. Utamwitaje? Wale wazee sasa wanasema mwethya ni jina la Kikamba la wizi."

Syokau aliinama akashika magoti. Mnadhani alilia? Alikasirika. Na hasira yake ya kwanza ilimwendea mumewe.

"Mjinga!" alisema. "Mjinga yule! Mwethya hauitwi na mgeni! Mwethya ni zamu, leo kwangu, kesho kwako. Wao wakimfanyia leo, yeye kesho angewafanyia kazi wapi? Ana shamba Elgaras? Ana boma huko? Ameita deni ambalo hawezi kurudisha, na ameliita kwa mdomo wetu sisi!"

"Mwaitu, punguza sauti."

"Nikupunguzie sauti!"

"Wamekubali kumwachilia," Idris alisema haraka.

Syokau alimgeukia.

"Wamesema hivi. Chakula kimeenda, kimeenda. Lakini jasho lao lisiende na maji. Ukuta ukiisha kabla ya mvua, wanamwachilia, na mimi mwenyewe nitamleta mpaka Mwingi. Ukibaki nusu, maji ya kwanza yataung'oa, na hapo atahukumiwa kama mwizi. Sitaki kukuambia hukumu yenyewe."

"Na simiti?"

"Iko Mwingi. Lori limepakiwa, dereva anaitwa Kiema, amekaa tu anangoja simu. Wafadhili wakitia sahihi leo baada ya sherehe, linaondoka leo leo. Kwa hivyo nakuomba. Umesikia niliyokuambia, yafunge ndani. Wakikupa maiki, sifu. Sifu kila kitu. Lori likishavuka mpaka, sema unachotaka."

Mwanamke aliyetokea kwenye moshi wakati huo alikuwa Yvonne.

Yvonne ndiye mkuu wa mradi hapa nchini, binti wa Nairobi, viatu vyake vimejaa mchanga, simu mbili mkononi. Alimtazama Idris, akamtazama Syokau, akajua.

"Bwana Idris, wageni wanakutafuta," alisema. Idris akaondoka. Yvonne akabaki.

"Mama Mwau," alimwita Syokau kwa jina la mwanawe. "Amekuambia."

"Chakula kilienda wapi, Yvonne?"

Nilidhani atakana. Ningekuwa mimi ningekana. Yeye aliketi juu ya debe la maji lililofunikwa, kama mtu aliyesimama mwaka mzima.

"Kilienda barabarani. Kila kizuizi kilichukua chake. Wa serikali walichukua, wanaopigana na serikali wakachukua, na wale ambao hata hawajui wako upande gani pia wakachukua. Kilichofika ni simiti, kwa sababu simiti hailiwi. Mara ya kwanza nililia. Baadaye nikazoea."

"Si ungewaambia hawa wenye chakula?"

"Wana sheria. Wakiambiwa gunia moja limefika kwa mwenye bunduki, mradi unafungwa siku hiyo hiyo. Wanajua magunia yanafika huko, Mama Mwau. Hawataki tu kuambiwa. Nilikuwa nimekaa ofisini sijui niandike nini. Halafu mumeo akapiga simu, akasema watu wanakuja bure. Nikaona Mungu amenifungulia mlango. Nikaandika wamekula."

"Umeandika wamekula."

"Nimeandika wamekula, na bwawa likaendelea. Bila hiyo ripoti hakungekuwa na ukuta hata wa magoti."

"Na kutekwa? Ni nani alitunga hiyo?"

Yvonne alipangusa mchanga kwenye kiatu. "Tungesema nini? Kwamba watu tunaowasaidia wamemfungia fundi wetu? Mtu ametekwa, anaombewa, wafadhili wanaongeza. Mtu anadaiwa, anachunguzwa."

"Mume wangu mmemfanya harambee."

"Ndiyo," Yvonne alisema. "Na hiyo harambee ndiyo imenunua simiti iliyoko Mwingi. Sasa nisikilize. Utasema mambo mawili tu. La kwanza, kwamba shirika ndilo lilikufundisheni kujenga hili bwawa. La pili, kwamba unaamini mumeo atarudi kutoka mikononi mwa magaidi wa Elgaras. Yule mzee atatia sahihi, nitampigia Kiema, lori litaondoka. Utampata mzee wako. Kosa langu utanishtakia baadaye."

Akamnyooshea mkono amwinue. Syokau akaukataa, akainuka mwenyewe.

Mbele ya hema kulikuwa na bango jipya. Jina la Mkono wa Tumaini lilikuwa kubwa pale juu, na bendera ya nchi ya wafadhili chini yake. Bango lilisimikwa jana kwa bwawa la zaidi ya miaka kumi. Kina mama walikuwa wakiimba, na mbele yao alikuwa Kasiva, yule ambaye wakati wa kujenga alibeba mawe na ujauzito wa miezi saba. Kasiva anaimba kwa nguvu, hata viongozi wa kwaya ya kanisa lake humwomba apunguze.

Syokau akapewa maiki.

"Wageni wetu," alisema, na Yvonne kando yake akawa anatafsiri kwa Kiingereza. "Tumefurahi. Hili bwawa mnaloliona..."

Alitazama ukuta. Anaujua ule ukuta kuliko anavyojua ukuta wa nyumba yake. Anajua jiwe lililoponda kidole cha nani.

"Hili bwawa, tulifundishwa na shirika. Hatukuwa tunajua kitu. Shirika lilikuja likatufundisha."

Nyuma yake vigelegele vilianza, vikakatika. Kasiva alikuwa amefunga mdomo. Wengine wakafuata, mmoja mmoja, mpaka ikabaki kelele ya wageni peke yao wakipiga makofi. Syokau hakugeuka. Aibu aliisikia mgongoni kama jua, akaivumilia. Alikuwa anamwaza Muthama na lori na Kiema amekaa Mwingi, na aliona kuwa ameshalipa kitu kikubwa, kilichobaki ni kidogo.

Kisha mkuu wa wafadhili akainuka. Mzee mpole huyo, kofia ya ukindu, uso umeungua na jua letu. Aliuliza kitu kwa upole, na Yvonne akakigeuza kwa Kiswahili.

"Anauliza kuhusu mumeo. Anaomba uiambie kamera ni kina nani waliomchukua. Anasema dunia inapaswa kujua."

Kijana wa kamera akasogea. Taa nyekundu ikawaka.

Hapa nataka muelewe, kwa sababu kuna watakaosema Syokau aliharibu kwa ujeuri. Elgaras kuna simu. Vijana wa Elgaras wanaangalia mitandao kama vijana wa Kabati. Akisema magaidi wa Elgaras, jioni hiyo wazee waliomfungia Muthama watamsikia mke wake akiwaita magaidi mbele ya dunia. Na si wao tu watakaosikia. Wenye ndege za mabomu watasikia pia. Yvonne hakuliwaza hilo, au aliliwaza akalipitisha.

"Sema tu, Mama Mwau," Yvonne alinong'ona. "Maneno mawili."

Syokau aliitazama kamera.

"Hakuna aliyemteka mume wangu," alisema. "Watu wa Elgaras si magaidi. Ni watu walioitwa kazini wakaja, wakafanya kazi bila kula, na chakula chao kikaliwa njiani. Mume wangu aliwaita kwa nia njema. Kosa ni lake la kuwaita, na lenu la kutofika nacho. Nawaomba wazee wa Elgaras wamsamehe. Nawaomba na nyinyi mfike."

Yvonne akachukua maiki, akatafsiri.

Kiingereza cha Syokau ni cha darasa la nne, na hakuelewa. Lakini aliona. Aliona wale wageni wakiinamisha vichwa kama watu kanisani. Mzee akavua kofia. Mama mmoja wa kizungu akatoa kitambaa akajifuta macho. Na Syokau akajua moja kwa moja kwamba alichosema yeye si kitu cha kuvuliwa kofia.

"Umewaambia nini?" alimgeukia Yvonne. "Yvonne, umewaambia nini?"

"Nimemaliza, Mama Mwau. Keti."

"Umewaambia nini!"

Kiti kilianguka kwenye safu ya pili. Idris alikuwa amesimama.

"Amewaambia unawasamehe magaidi wa Elgaras waliomteka mumeo," alisema kwa Kiswahili, kila mtu asikie. "Amewaita watu wangu magaidi. Mbele yangu. Mama yangu yuko Elgaras."

Ni yeye Idris aliyekuwa amemwomba Syokau afunge mdomo. Ni yeye aliyesema sifu tu, lori livuke. Lakini kuna neno ambalo mtu hawezi kulimeza, na Idris alikuwa amelipata lake. Alimgeukia yule mzee, akafungua Kiingereza chake cha shule za Mwingi, akasema yote. Chakula, vizuizi, ripoti, simu ya Muthama, wazee, ukuta nusu. Alisema mpaka jasho likamtoka kolani. Yvonne hakumkatiza. Aliweka maiki chini, juu ya mchanga, taratibu, kama kitu ambacho hatakihitaji tena.

Kamera ilikuwa bado inachukua. Mzee alimnyooshea kijana mkono, taa nyekundu ikazimika.

Wageni wakajitenga, wakaongea wao kwa wao kando ya gari jeupe. Hawakuchukua muda. Mzee alirudi, akaushika mkono wa Syokau kwa mikono yake miwili, akasema maneno marefu kwa sauti ya huruma kabisa. Idris alitafsiri, na jinsi alivyokuwa akitafsiri ndivyo sauti yake ilivyokuwa ikishuka.

"Anasema wewe ni mama jasiri. Anasema bila watu kama wewe misaada haina maana. Anasema anakushukuru kwa niaba ya wananchi wa nchi yake, ambao kodi yao ndiyo hii."

"Ndiyo. Na lori?"

"Anasema..." Idris alifunga macho. "Anasema kwa sababu ya uliyosema, sheria inawalazimu kusimamisha kila kitu cha Elgaras. Mpaka uchunguzi uishe."

"Uchunguzi utachukua muda gani?"

Idris akauliza. Mzee akajibu kwa upole ule ule.

"Mwaka mmoja. Labda zaidi."

"Mwambie mvua ni mwezi ujao."

"Nimemwambia."

"Mwambie mume wangu..."

"Nimemwambia, mwaitu. Anasema anasikitika sana. Anasema wataunda kamati."

Kando yao Yvonne alikuwa tayari ana simu sikioni. Hakuwa na furaha, msimwonee. Alikuwa anafanya kazi yake. "Kiema? Ndiyo, ni mimi. Usiondoke. Hapana, hata kesho. Shusha mzigo, rudisha gari yadi."

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa, wasomaji wangu. Mwanamke alisema uongo, akapigiwa makofi. Akasema kweli, akashikwa mikono miwili, na simiti ikashushwa. Nimeandika hadithi nyingi katika ukurasa huu na kuna siku najisikia vibaya kupokea ujira wake.

Magari meupe yakaondoka. Yvonne alipita karibu na Syokau, akasimama, akataka kusema kitu, akaghairi. Chakula kilikuwa kimeiva na hakuna aliyekila. Kina mama walikuwa wakifunga leso zao wakiondoka bila kuaga.

Kasiva ndiye aliyekuja. Alisimama mbele ya Syokau, akamtazama kutoka kichwani mpaka miguuni.

"Tulifundishwa na shirika," alisema. "Hatukuwa tunajua kitu. Si ndiyo?"

"Kasiva, nilikuwa..."

"Najua ulikuwa unafanya nini. Ningekuwa na mume huko labda ningefanya. Lakini umetuuza, Syokau, na bado hukununua kitu."

Akaenda zake.

Syokau aliketi kwenye ukuta wa bwawa. Idris aliketi karibu naye, koti la suti limekunjwa magotini. Kisha Idris akasema, "Nimemmaliza mimi. Si wewe. Ungenyamaza na mimi ningenyamaza, saa hii lori liko njiani."

"Nyamaza," Syokau alisema, bila ukali. "Sote tuna midomo."

Simu ya Idris ikalia.

Aliitazama, akainuka. "Ni Elgaras."

"Hawajaona bado?"

"Kamera ilizimwa. Hawajui lolote." Akaipokea, akasalimu kwa Kisomali, akasikiliza. Akasikiliza tena. Kisha akaiondoa sikioni, akamnyooshea Syokau. "Wanakutaka wewe."

Syokau alishika simu kwa mikono miwili.

"Mama Mwau!"

Aiseeni. Ilikuwa sauti ya Muthama. Ile ile, nzito kidogo, yenye kucheka kwa mbali hata akiwa na njaa. Syokau alibana leso mdomoni asilie ndani ya simu.

"Baba Mwau. Uko mzima?"

"Niko mzima! Nimekonda, utanicheka. Sikiza, sina muda, wazee wako hapa, tumekaa wote. Simu wameiweka sauti kubwa wasikie. Mawingu huku yamejaa, Mama Mwau, yamejaa kabisa. Nimewaambia simiti iko Mwingi. Hawaniamini tena, na siwalaumu. Lakini wamesema watamwamini mke wangu. Wamesema mke hana cha kupata huku."

"Baba Mwau..."

"Nimewaambia wewe hujui kudanganya. Nimeapa. Nimewaambia tangu nikuoe hujanidanganya hata siku moja, hata ule mwaka ng'ombe alikufa ulinipigia ukaniambia palepale." Alicheka kidogo. "Sasa waambie tu. Lori limeondoka?"

Idris alikuwa anamtazama. Alikuwa anatikisa kichwa, hapana, hapana, usiseme.

Upande wa pili watu walikuwa wamenyamaza wakingoja. Syokau aliweza kusikia mtu akikohoa, mtoto akinyamazishwa.

"Mama Mwau? Limeondoka?"

"Limeondoka," Syokau alisema. "Limeondoka, Baba Mwau. Liko njiani."

Kelele iliyolipuka kwenye simu ilikuwa ya furaha. Wanaume, wanawake, mtu akipiga vigelegele vya kwao ambavyo havina tofauti kubwa na vya kwetu. Muthama alikuwa anasema kitu na hakusikika. Kisha simu ikachukuliwa, na ikaja sauti ya mzee, Kiswahili cha mtu aliyewahi kuuza ngamia mnada wa Mwingi.

"Mama, mimi naitwa Abubakar, ndiye mkubwa hapa. Asante. Tumesikia sote. Mumeo tunamfungulia mguu leo, akapange mawe. Na hiki kitu chenu, mwethya, nilikuwa nimeapa hakitatajwa tena hapa. Sasa natoa amri mimi mwenyewe. Kesho asubuhi kijiji kizima kinaingia mtoni, wazee na watoto. Hawaingii kwa neno la shirika, mama, wala kwa neno la mumeo. Wanaingia kwa neno lako."